Shimoni na Baba Mkwe

Kyela tunalima mpunga, na kwa mtu aliyekulia kwenye mpunga ndege si pambo la angani, ni mwizi. Kuanzia Aprili, masuke yakianza kutia maziwa, watoto tulidamka gizani kwenda kuamia. Kombeo mkononi, debe bovu la kupiga, kamba zilizofungwa makopo kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine, na koo ambalo kufikia saa nne asubuhi halikuwa na sauti tena. Mama hakuwahi kumtazama ndege akasema anapendeza. Ndiyo maana mume wangu, tulipokuwa bado wachumba, aliponieleza kwamba kwao Arkansas baba yake anafungulia maji majarubani baada ya mavuno ili ndege waje kwa maelfu, niliona watu hawa ama wameshiba kupita kiasi, ama kuna jambo hajaniambia.

Jambo lilikuwepo. Nilikuja kulielewa baadaye sana, nikiwa nimekaa ndani ya shimo la chuma, meno yakigongana, na baba mkwe kakaa upande wangu wa kulia.

Niseme kwanza huko ni wapi. Stuttgart ni mji mdogo mashariki mwa Arkansas, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Little Rock tunakoishi. Jina waliliweka walowezi wa Kijerumani wa karne ya 19. Eneo lote linaitwa Grand Prairie, tambarare isiyo na hata kichuguu, na chini ya udongo wa juu kuna tabaka gumu la mfinyanzi lisilopitisha maji. Mkulima wa Kyela akifika pale ataufinya udongo kwa vidole na hatauliza tena kwa nini wanalima mpunga. Walianza kuulima kibiashara mwaka 1904, na leo Arkansas inatoa karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani. Ila ukubwa! Jaruba moja la baba mkwe lingemeza kitongoji chetu pamoja na makaburi yake, na kazi ambayo sisi tunaifanya kwa mundu, ukoo mzima, kombaini moja inaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mji wenyewe unajivunia mambo mawili, mpunga na bata. Tangu 1936 wanashindana kupiga filimbi ya kuita bata, na wanayaita mashindano ya dunia. Hufanyika wiki ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, mwezi wa Novemba. Usidhani ni kupuliza tu. Bata anayetafutwa zaidi kule ni yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa, na katika jamii yake anayepayuka ni jike. Dume ana sauti ndogo ya kukwaruza. Kwa hiyo wanaume wazima, wenye ndevu na watoto, wanatumia mwaka mzima kujifunza kupayuka kama bata jike. Shemeji yangu hufanya mazoezi ndani ya gari akienda kazini. Mke wake amekataa yafanyike nyumbani.

Mwezi Januari kuna Jumatatu ya mapumziko ya kumkumbuka Martin Luther King, na familia ya mume wangu hukusanyika kwa wazee kuanzia Ijumaa. Msimu wa bata Arkansas ni wa siku 60. Huanza mwishoni mwa Novemba, husimama kidogo na kuendelea, na hufungwa mwisho wa Januari, kwa hiyo wikiendi hiyo ndiyo nafasi nzuri ya mwisho kwa watu wenye ajira. Mwaka ninaousimulia walikuwepo baba mkwe na mama mkwe, shemeji, wifi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 14, na rafiki yetu mmoja wa Tanga, dereva wa malori anayeishi Memphis, ambaye alikuwa hajawahi kushika bunduki mpaka alipohamia huko.

Alhamisi upepo uligeuka. Hewa ya Kanada huteremka hadi kule bila kizuizi, maana katikati ya Marekani hakuna safu ya milima ya kuikinga, na usiku wa Ijumaa tulikuwa nyuzi 11 chini ya sifuri. Watu wa Makete na Njombe wanajua umande ulioganda juu ya viazi alfajiri ya Julai. Hii ilikuwa nyingine. Chai uliyoimwaga chini ilikuwa utelezi kabla hujafunga chupa. Kwa wawindaji ilikuwa habari njema. Bata hawa huzaliana kwenye madimbwi ya mbuga za Kanada na majimbo ya Dakota, na baridi yenyewe haiwasumbui sana. Hata miguu yao, isiyo na manyoya, ina mpango wake: damu ya moto inayoshuka hupita ubavuni mwa damu baridi inayopanda na kuipasha, hivyo joto halipotelei majini. Wanachokikimbia ni njaa. Maji yakiganda na theluji ikifunika nafaka, wanashuka kusini hadi wakute maji yaliyo wazi na chakula. Baba mkwe alitazama utabiri wa hewa kwenye televisheni, akasema, “Wanakuja,” akaenda kulala saa mbili usiku.

Kabla ya kufika hapo kuna makaratasi, na haya nayaandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaodhani kwamba Marekani ukishanunua bunduki umemaliza. Arkansas, yeyote aliyezaliwa baada ya 1968 lazima apite mafunzo ya mwindaji kabla ya kuwinda peke yake. Halafu leseni ya jimbo, stempu ya jimbo ya ndege wa majini, usajili wa wawindaji wa ndege wanaohama, na stempu ya taifa ya dola 25. Stempu hiyo ya taifa ilianza 1934, kwa dola 1, wakati ukame ulipokausha madimbwi ya kaskazini na bata wakapungua vibaya. Senti 98 za kila dola huenda kununua na kuhifadhi ardhi oevu. Kijana wetu, kwa kuwa hajafika miaka 16, halipi, ila akiwa hajapita mafunzo lazima awe kando ya mtu mzima. Kisha idadi: kwa siku, bata sita kwa kila mtu, na kati yao wale wa jamii ya kichwa kijani wasizidi wanne, na katika hao wanne majike wasizidi wawili. Shotigani iwe imezibwa isichukue zaidi ya risasi tatu. Hakuna kupiga mpaka ibaki nusu saa jua lichomoze. Na marisau yasiwe ya madini ya risasi, tangu 1991 nchi nzima, kwa sababu bata humeza vijiwe vya kusagia chakula tumboni, wakawa wanaokota marisau ya zamani matopeni, wanakufa kwa sumu polepole, na tai wanaowala nao wanakufa.

Rafiki wa Tanga alisikiliza yote hayo mezani, kisha akauliza swali la kiume: bata mmoja mjini anauzwa bei gani?

“Bei yake ni hakimu,” wifi akamjibu. Zamani waliuzwa kweli, kwa mapipa, wakisafirishwa kwa treni kwenda kwenye hoteli za miji mikubwa. Sheria ya mwaka 1918 ndiyo iliyofunga biashara hiyo. Unakula, au unampa mtu. Kuuza, hapana.

Sasa nije kwenye shimo. Kando ya jaruba, ndani ya tuta, baba mkwe amezika tenki refu la chuma lenye benchi, na juu yake mfuniko wa kusukuma uliopambwa mabua ya mpunga. Ukikaa ndani, macho yako yanakuwa karibu usawa wa maji. Watu saba walienea kwa kubanana. Nani akae wapi, anapanga mzee mwenyewe, na asubuhi ya Jumamosi alinionyesha nafasi ya kushoto kwake.

Kwetu Unyakyusani hili si jambo dogo. Bibi yangu mzaa baba aliishi kijiji kimoja na baba mkwe wake, na hawakukutana uso kwa uso. Akimwona njiani aliacha njia, akaingia migombani, akajifunika mpaka mzee apite. Jina lake hakulitamka. Hiyo ndiyo heshima waliyoijua, na hakuna aliyeiona kuwa mzigo, au kama aliiona hakusema. Kizazi cha mama kililegeza, na mimi namwamkia baba mkwe na kula naye meza moja. Lakini kumwamkia ni kitu kimoja. Kukaa naye ndani ya tenki goti kwa goti, asubuhi nzima, haja ndogo ikikubana na huna pa kwenda, ni kitu kingine. Nilimnong'oneza mume wangu. Mume wangu akamweleza baba yake, kirefu, hadi habari ya migomba. Mzee alifikiri. Kisha akasema basi, mbwa atakaa katikati.

Na kweli akakaa, Labrador mweusi mwenye mwili wa ndama, na kwa baridi ile nilishukuru kwa sababu zaidi ya moja.

Ila kabla ya kukaa kulikuwa na kazi. Tulifika saa kumi na moja alfajiri, taa za kichwani zikimulika jaruba lililoganda lote, tuta hadi tuta. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa baridi ya kukaa. Sikuwa najua kwamba saa ya kwanza ni ya kutoka jasho. Kuvunja barafu kuna adabu yake. Ukiipondaponda ovyo, vipande vinabaki vikielea, jua likitoka vinametameta, na bata aliye juu anajua kuna watu. Unachofanya ni kukata bamba kubwa. Watu wawili au watatu mnakanyaga ukingo wake mmoja uzame, halafu mnalisukuma kwa pamoja liteleze chini ya barafu iliyobaki. Likishapita, maji yanabaki meusi na safi. Bamba hadi bamba, mpaka limefunguka dimbwi la ukubwa wa uwanja wa netiboli. Shemeji na rafiki wa Tanga walisukuma sambamba, mmoja akitoa hesabu kwa Kiingereza cha Arkansas na mwingine akiitikia “haya, twende,” na sikumbuki kama kuna aliyemwelewa mwenzake, lakini bamba lilikwenda.

Maji yalitufika magotini tu. Hata hivyo shemeji alikagua mkanda wa kila mmoja kabla hatujashuka. Tunavaa zile gambuti ndefu zinazopanda hadi kifuani, na mkanda hufungwa kiunoni juu yake ili ukianguka maji yasijae miguuni ukashindwa kuinuka. Alimfungia kijana wetu kwa mikono yake, akamwambia maneno ambayo nimewaambia wengi tangu siku ile: ukitumbukia kwenye maji ya namna hii, dakika ya kwanza pumzi inakuruka, na kazi yako ni moja tu, kutulia mpaka irudi, baada ya hapo una dakika kama kumi kabla vidole havijaacha kukutii. Wengi huzitumia hizo kumi kwa kupiga kelele. Nguo kavu za kila mtu zilikuwa ndani ya pikapu, kwenye mfuko uliofungwa, na funguo za pikapu ziliachwa ndani yake, si mfukoni mwa mtu anayeweza kulowa.

Wifi, aliyekuwa amechoka kusukuma, alitaka pampu ya kisima iwashwe. Ni wazo zuri: maji ya chini ya ardhi kule hutoka na uvuguvugu wake hata Januari, na yakitiririka taratibu yanazuia dimbwi lisigande tena. Mzee alikataa. Maji yaliyo chini ya Grand Prairie yamekuwa yakishuka miaka na miaka kwa sababu ya umwagiliaji, na wakulima wanachimba mabwawa ya kukinga mvua ili wapunguze kuyavuta. “Yale ni ya mpunga,” alisema, na mjadala ukaisha. Tukaendelea kwa miguu. Kila baada ya muda mmoja wetu alitoka shimoni kwenda kukoroga dimbwi lisifunge, na kuwafuta barafu bata wa plastiki mgongoni.

Ndani ya shimo kuna hita ndogo ya gesi na jiko la kukaangia mayai. Mzee ana amri moja kuhusu hita, na haijadiliwi: mfuniko ubaki wazi upana wa kiganja, hata kama upepo unakata masikio. Kijana wetu alilalamika, nami nikamweleza kwa Kiswahili ili anielewe vizuri. Huko Mbeya na Njombe, msimu wa baridi husikii mwaka ukipita bila habari ya watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, asubuhi wakakutwa wamelala moja kwa moja. Ni hewa ileile. Haina harufu, haikohozeshi, inakupa usingizi. Mfuniko ulibaki wazi, na nilimpa kofia yangu ya pili.

Nilitegemea kwamba giza likipauka tu, bunduki zitaanza. Hazikuanza. Kwenye baridi kali bata hukaa kwenye maji makubwa, mtoni au bwawani, wamejazana wakiyatunza yasigande kwa miguu yao, na hawaondoki kwenda kula mpaka jua liwe na nguvu kidogo. Wachache walipita alfajiri, weusi dhidi ya anga. Kijana alishika bunduki, akamtazama babu yake. Mzee akatikisa kichwa. Katika mwanga ule huwezi kutofautisha jike na dume, na kama huwezi kutofautisha huna sababu ya kupiga. Hayo ndiyo maelezo yote aliyotoa, kwa sauti ya chini.

Wakaja saa tatu. Kwanza nukta mbali juu ya mstari wa miti, kisha kundi. Shemeji akapiga filimbi, mara ya kwanza kwa nguvu, kisha, walipogeuka, kidogokidogo, sauti ya kula, sauti ya mtu aliyekwisha kukaa mezani. Walizunguka mara kadhaa. Nilikuwa nimeinamisha uso, kwa kuwa uso ndio kitu cha kwanza wanachokiona, nikisikia tu mabawa yakipita juu ya mfuniko. Baba mkwe ndiye peke yake anayetazama, chini ya ukingo wa kofia. Naye hasemi “pigeni” mpaka waone maji ni yao: mabawa yamejikunja, kifua mbele, miguu ya rangi ya machungwa imeshushwa. Huko ni umbali wa hatua 25 au 30, na ndege anayepigwa hapo hufa. Anayepigwa mbali zaidi huenda na marisau mwilini akafie kusikojulikana, na jambo hilo kwa mzee huyu ni aibu kubwa kuliko kurudi mikono mitupu.

Kila mtu ana pande lake la anga. Wa kushoto hapigi kulia, wa katikati hasogezi mtutu juu ya kichwa cha jirani. Mara moja dume zuri lilikata kutoka upande wa kijana kuja wangu, likiwa chini kabisa, na kijana akalifuata kwa macho bila bunduki kusogea. Hakupongezwa. Nilitaka kumpongeza, mume wangu akanigusa goti. Baadaye alinieleza kwamba kwao kumsifia mtu kwa hilo ni kumwambia mlitegemea afanye vingine.

Watauliza kama na mimi nilipiga. Nilipiga, na nilipata, na mbwa aliondoka ubavuni kwangu akaleta dume lenye kichwa kijani kama limelala tu. Manyoya ya shingo yalibadilika rangi kila nilipoligeuza. Nilikumbuka mama, na nikacheka peke yangu.

Rafiki wa Tanga alikuwa na mambo yake, na aliyapanga mapema kuliko sisi sote. Alikuwa amemwendea shehe wa msikiti wake wa Memphis. Akapewa masharti: ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, akimkuta ndege bado hai amchinje, aliyeanguka majini, akawa hajui kilichomuua ni marisau au ni maji, amwache. Kwa hiyo yeye alichagua ndege waliokuwa wanakatiza juu ya barafu, na kisu chake kidogo kilikuwa kikali. Kilichobaki kilikuwa mbwa. Kwa Washafii, kilicholoa mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Udongo gani, na Arkansas nzima imeganda? Baba mkwe, Mbaptisti aliyekomaa, aliposikia alichukulia kama anavyochukulia sheria zote za uwindaji: akauliza maswali mawili ya kufafanua, kisha akatekeleza. Kila ndege wa rafiki yetu alipoanguka, mzee alimshika mbwa kwa ukosi, na mwenye ndege akaenda mwenyewe kwa miguu, akiyumba kwenye barafu. Kwa tahadhari, mama mkwe alitupatia udongo wa chungu cha maua sebuleni. Haukuhitajika, lakini ulikaa mezani wikiendi nzima.

Katikati ya makundi kuna ukimya mrefu, na humo ndimo watu husema. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu wote mnatazama mbele. Mzee, akiongea juu ya kichwa cha mbwa, aliniuliza kwetu kuna ndege gani. Nikamweleza habari ya kuamia, makombeo na makopo, na jirani zetu wa Mbarali ambao kwelea kwelea huwajia kwa mamilioni hadi serikali inaleta ndege ya kunyunyiza sumu. Nilidhani atasikitika kwa ajili ya ndege. Alitema mate nje ya mfuniko, akaanza kuwatukana ndege weusi.

Wapo kule ndege wadogo weusi, dume lina mabega mekundu. Wakati wa kupanda wanafukua mbegu. Mpunga ukitia maziwa wanarudi kwa makundi makubwa na kuukamua. Amewapigia mizinga ya gesi inayolipuka yenyewe, amewapigia bunduki, amewapigia kelele. Alivyokuwa akiwasema, ungefumba macho ungedhani ni mama yangu, lugha tu ndiyo tofauti.

Hapo ndipo lile jambo nililohisi nimefichwa lilipofunguka. Baba mkwe hapendi ndege kuliko mama. Wametofautiana kalenda. Ndege wa Kyela anakuja wakati jasho la mwaka mzima bado liko kwenye suke. Bata anafika Grand Prairie wakati mpunga umekwisha kuingia ghalani, na anachokula ni punje zilizodondoka nyuma ya kombaini. Tena anafanya kazi: anakula mbegu za magugu na za ule mpunga mwekundu wa porini unaowaharibia zao, na miguu yake, pamoja na maji ya baridi, inasaidia mabua kuoza, ikawa mzee ana kazi ndogo ya kulima masika yakija. Majirani zake wanakodisha majaruba yao kwa matajiri wa mijini kwa fedha nyingi kila msimu. Ana hesabu zake, mzee, na nilivyozijua nilimheshimu zaidi. Nimekwisha kukutana na wataalamu wengi, wa huku na wa kwetu, wanaopenda kuwaambia wakulima wajifunze kuwapenda ndege. Waulizeni kwanza ndege hao wanakuja mwezi gani.

Kufika saa sita kasoro mzee alisimamisha kila kitu, ingawa hesabu yetu haikuwa imetimia na sheria ilituruhusu hadi jua kuzama. Mchana jaruba ni la bata. Wakisumbuliwa kutwa hawarudi kesho, na katika baridi ya namna ile mlo mmoja wanaoukosa ni mzito. Kutoka dirishani, saa tisa, niliwaona wakishuka kwa mamia kwenye dimbwi tulilolifungua.

Jikoni ndiko kulikokuwa na ugomvi. Mama mkwe hupika mchuzi mzito wa bata wenye soseji za nguruwe, na anajulikana kwa huo. Wifi hufunga vipande vya kifua kwa nyama ya nguruwe na kuchoma. Rafiki wa Tanga akabaki amesimama na bata wake aliowachinja, ananitazama. Nikachukua sufuria mpya, nikawapika kwa nazi ya kopo, tangawizi na pilipili, moto mdogo, muda mrefu, maana bata wa porini aliyeruka kutoka Kanada si kuku wa kisasa. Marisau tuliyatafuta kwa sumaku. Yakiwa ya chuma yanakamatika, hiyo ni faida nyingine ya sheria. Wali ulikuwa wa shamba lao. Nilisema ukweli nilipoulizwa: ni mzuri, haushikani, na haunukii. Baba mkwe aliweka kijiko chini, akataka kujua ule wa Kyela unanukia vipi, unasimama urefu gani, unakaa siku ngapi shambani, unatoa kiasi gani. Nilipomtajia kiasi alinionea huruma. Nilipomweleza harufu, akauliza tena.

Jumapili jioni rafiki yetu aliondoka kwenda Memphis na bata wake, na wengine aliopewa na mzee. Hata zawadi ina karatasi: kila furushi lilifungwa kibandiko chenye sahihi ya mwindaji, anwani, idadi, aina na tarehe, na kila ndege aliachiwa bawa moja na manyoya yake ili atambulike njiani. Saa moja baadaye simu ikaita. Alikuwa amesimamishwa na askari wa wanyamapori karibu na Clarendon. Askari alifungua boksi la barafu, akasoma vibandiko kimoja kimoja kwa tochi, akahesabu mabawa, kisha akauliza kwa nini hawa wengine shingo zimekatwa. Akaelezwa. Akauliza kama mwenye shamba alijua. Akaambiwa mwenye shamba ndiye aliyekuwa akimshika mbwa. Askari akafunga boksi, akamwambia apunguze mwendo hadi Brinkley, barabara imeganda.